Karatasi ya shule inasema jicho la kushoto ni 6/18, lakini mtoto anaona hadi sindano

Swali la msomaji: "Binti yangu ana miaka 8, yuko darasa la pili. Wiki iliyopita walipimwa macho na masikio shuleni, akarudi na karatasi: jicho la kulia 6/6, la kushoto 6/18, apelekwe kwa mtaalamu wa macho. Nimeshangaa, maana huyu ndiye ninayemwita sindano ikinianguka, na huiona kabla yangu. Darasani kwao karibu nusu ya watoto wamepewa karatasi kama hiyo, na baba yao anasema wapimaji wamekosea tu. Mdogo wake wa miaka 6 alipimwa pia, akafaulu vyote, ila mwalimu analalamika kila siku kwamba hasikilizi. Huyu mkubwa nimpeleke, au nisubiri wapime tena mwakani? Na vipimo hivi vya shule tuviamini kiasi gani?"

Mama, mpeleke, na usingoje mwakani. Nimelitanguliza hilo ili hata ukiishia hapa uwe umepata jibu lako. Na huyo mdogo aliyefaulu usimsahau, kwa sababu katika barua yako yote yeye ndiye aliyenitia wasiwasi zaidi. Nitamfikia.

Tuanze na sindano. Binti yako anapoinama kuitafuta sakafuni, macho yote mawili yako wazi, na la kulia ni zima kabisa. Kazi yote inafanywa na hilo moja. Ubongo wa mtoto ni mjanja: ukiletewa picha mbili, moja safi na nyingine yenye ukungu, huchukua ile safi na ya pili ukaipuuza. Mtoto hasikii maumivu, hajikwai, halalamiki. Hajui hata kwamba kuna kitu kinakosekana, maana hajawahi kuona kwa namna nyingine. Nimekaa miaka mingi kwenye kazi ya uuguzi wa shule, na ninaweza kuwahesabu kwa vidole watoto waliokuja wenyewe kuniambia "jicho langu moja halioni". Wengi hugunduliwa siku ile tu jicho zima linapofunikwa, tena wao wenyewe hushtuka kuliko sisi.

Ile 6/18 maana yake ni hii. Namba ya kwanza ni umbali aliosimama, mita 6. Ya pili ni umbali ambao mtu mwenye macho mazuri angeweza kusimama na bado akaisoma herufi ileile, mita 18. Kwa hiyo kile ambacho jicho zima hukisoma kutoka mita 18, jicho la kushoto la binti yako linalazimika kukisogelea mpaka mita 6. Mtindo huu wa kupima uliletwa na daktari wa macho wa Uholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862, na hadi leo hatujapata kilicho rahisi zaidi: kipande cha karatasi, kamba ya kupimia umbali na mwanga wa kutosha. Mstari wa 6/6 una herufi zenye urefu wa milimita 9 hivi. Kwa watoto wasiojua herufi kuna chati ya herufi E iliyogeuzwa huku na huku, mtoto anaonyesha kwa vidole meno ya hiyo E yameelekea wapi.

Sasa, mumeo ana hoja, na sitaki kuidharau. Nusu ya darasa kupewa karatasi ni dalili kwamba huenda siku ile kuna kitu hakikukaa sawa. Nimeona chati imetundikwa kando ya dirisha, jua linawapiga watoto usoni. Nimeona umbali umepimwa kwa hatua za mwalimu mrefu, kisha siku ya pili kwa hatua za mwalimu mfupi. Nimeona foleni imepangwa karibu na chati kiasi kwamba watoto wa nyuma wanasikia majibu ya wenzao. Mtoto mmoja alinisomea mstari wa mwisho wote bila kukosea herufi hata moja, nikamgeuzia chati ya pili, akausoma ule ule wa kwanza! Alikuwa amekariri akiwa kwenye foleni. Huyo alikuwa anahitaji miwani kwelikweli.

Lakini tazama karatasi ya binti yako kwa makini. Jicho la kulia ni 6/6. Alisimama palepale, chati ni ileile, mwanga ni uleule, mpimaji ni yuleyule. Kama kosa lingekuwa la umbali au la mwanga, lingeyakuta macho yote mawili. Hilo la kulia linatuambia kwamba alielewa anachoulizwa na kwamba chumba hakikuwa kibaya kupita kiasi. Tofauti ya mistari miwili au zaidi kati ya jicho na jicho ni sababu tosha ya kumpeleka mtoto kwa mtaalamu, hata kama hilo dhaifu lisingekuwa baya sana.

Kuna njia moja tu ninayoijua ya kupata namba kama hizi kwa kosa, nayo nikutajie kwa haki. Kwa kawaida tunaanza na jicho la kulia, mtoto akiwa amefunika la kushoto. Akilifunika kwa kiganja na kulibonyeza, likifunuliwa linakuwa na ukungu kwa muda, na ndipo linapopimwa. Ndiyo maana tunawaambia wapimaji watumie kadi au kifuniko, si kiganja, na wampe mtoto nafasi ya kupepesa kidogo. Inawezekana hilo ndilo lililotokea. Utalijua kwa mtaalamu, kwa dakika chache. Ukikaa nyumbani hutalijua.

Haraka yangu inatokana na umri wake. Jicho lililopuuzwa na ubongo kwa miaka hugeuka kuwa kile tunachokiita jicho vivu, au ambliopia. Hapo tatizo haliko tena kwenye jicho peke yake. Ubongo umeshazoea kutolisikiliza, na hata ukimwekea lenzi sahihi kabisa bado haoni vizuri mara moja. Tiba hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 7. Baada ya hapo haifungi mlango, watoto wa miaka 7 hadi 12 nao wengi hupata nafuu, ila inakwenda polepole na matokeo hayana uhakika uleule. Binti yako ana 8. Mwakani atakuwa na 9. Sioni tunachopata kwa kungoja.

Huko kwa mtaalamu usishangae wakimtia matone machoni. Mtoto ana misuli ya jicho yenye nguvu sana ya kuvuta picha ikae sawa, na bila kuilegeza kwa dawa unaweza kumpa miwani isiyo yake. Mboni zitapanuka, mwanga utamkera, na kusoma kwa karibu kutakuwa kwa shida kwa saa kadhaa, pengine hadi kesho yake. Mchukulie kofia, na umweleze mwalimu mapema asije akamlazimisha kuandika. Wakikuta macho hayalingani nguvu, hatua ya kwanza huwa miwani peke yake, kwa wiki nyingi, kisha hupimwa tena. Kwa baadhi ya watoto hiyo inatosha. Wengine huhitaji jicho zima lizibwe kwa kiraka kwa saa kadhaa kwa siku, ili hilo vivu lilazimike kufanya kazi. Wazazi wengi hudhani lazima kiraka kikae kutwa. Kwa watoto wadogo wenye tatizo la wastani, utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2003 ulionyesha kwamba saa 2 kwa siku zilifanya kazi sawa na 6. Na lile la kwamba miwani hudhoofisha macho, achana nalo. Hudhoofika jicho linalonyimwa picha.

Kitu kimoja nakiongeza pembeni, si kwa kukutisha. Ukipitia picha za watoto wako na ukakuta mboni ya jicho moja inang'aa nyeupe mara kwa mara wakati ya pili ni nyekundu au nyeusi, hapo usisubiri miadi. Unakwenda siku hiyohiyo. Ni nadra, na mara nyingi huwapata walio chini ya miaka 5, lakini kila mzazi aijue.

Uliniuliza vipimo hivi tuviamini kiasi gani. Vichukulie kama chekeche. Chekeche halikuambii ulichoshika ni jiwe gani. Linakutengea tu yanayostahili kutazamwa kwa mkono. Mwaka 1968 wataalamu wawili, Wilson na Jungner, waliliandikia Shirika la Afya Duniani kanuni za kuamua ni ugonjwa gani unafaa kutafutwa kwa watu wasiolalamika, na ninayoikumbusha kila nikikaa na walimu wakuu ni ile inayodai kuwepo kwa matibabu na mahali pa kuyapatia. Nataka kukuonyesha kwa hesabu ya mfano kwa nini karatasi nyingi hutoka bure. Chukua watoto 1,000, na tuseme 50 kati yao wana tatizo la kweli. Kipimo chetu ni kizuri: kinawanasa 9 katika kila 10 wenye tatizo, na kinawaachia 9 katika kila 10 wazima. Kitawanasa 45 wenye tatizo. Lakini wazima ni 950, na moja ya kumi yao, yaani 95, watapewa karatasi pia. Jumla karatasi 140, na za kweli ni 45. Chini ya theluthi! Hakuna aliyezembea hapo, wala aliyemtisha mtu. Chekeche lenye matundu madogo hushika na yasiyohusika; ukiyapanua matundu ili wazazi wasisumbuke, unaowatafuta wanapita.

Na hesabu ileile ina watoto 5 walioambiwa "uko sawa" na hawako sawa. Hapo ndipo anapoingia kijana wako wa miaka 6.

Kipimo cha masikio cha shule kwa kawaida ni hivi: mtoto anavishwa hedifoni, anasikilizishwa mlio mdogo wa desibeli 20 au 25 kwa masafa matatu ya sauti, hezi 1,000, 2,000 na 4,000 (yaani mitetemo kwa sekunde), sikio moja kisha jingine, naye anainua mkono kila akisikia. Ni kipimo kizuri kwa siku hiyo. Tatizo ni kwamba sababu iliyo ya kawaida zaidi ya mtoto wa umri wake kusikia vibaya ni maji yanayokaa nyuma ya ngoma ya sikio, mara nyingi baada ya mafua, na maji hayo huja na kuondoka. Mara nyingi hukauka yenyewe ndani ya miezi 3. Mtoto anaweza kupimwa Jumanne akasikia kila mlio, na wiki tatu baadaye sauti ya mwalimu ikamfikia kama ya mtu anayeongea ndani ya maji. Mwalimu haoni maji, anaona mtoto anayetazama pembeni.

Tena kuna tofauti ya kusikia mlio kwenye chumba kimya na kumsikia mwalimu watoto 40 wakiburuta viti. Kwa hiyo "amefaulu" isikufunge mdomo. Kwa juma moja mchunguze bila kumwambia. Anaongeza sauti ya televisheni? Ukimwita akiwa amekupa mgongo, unarudia mara ngapi? Anajibu swali ambalo hukuuliza? Anakutazama midomo? Analala kinywa wazi na kukoroma? Je, sikio moja huligeuza mbele kila akisemeshwa? Mawili au matatu ya hayo yakiwepo, mpeleke achunguzwe masikio upya, akaangaliwe na ngoma yenyewe, si milio tu. Huenda ikawa ni nta iliyojaa, ikatolewa na kazi ikaishia hapo. Usiitoe mwenyewe kwa njiti, utaisukuma ndani.

Zungumza pia na mwalimu, lakini usimuulize "hasikilizi kivipi?" maana atakujibu "hasikilizi tu". Muulize saa ngapi, somo gani, akiwa amekaa wapi. Mtoto anayepotea mwalimu akigeukia ubao ni wa masikio. Anayepotea wakati wa kusoma kitabu tu, akifikicha macho na kulalamika kichwa, huyo nafikiria macho, kwa sababu kipimo cha mita 6 hakimnasi vizuri mtoto ambaye shida yake ni vitu vya karibu. Na akisema kwamba mtoto hukatika ghafla katikati ya sentensi, anaduwaa kwa sekunde chache kama taa iliyozimwa, kope zikipepesa, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, tena mara nyingi kwa siku, basi huyo ni wa daktari, kwa sababu ipo aina ya kifafa inayokuja hivyo, bila kuanguka wala povu. Watoto hao hupigiwa kelele za uvivu kwa miaka. Na mwisho kabisa, mtoto wa miaka 6 anaweza kuwa halali vya kutosha, au hajazoea kukaa kwenye dawati kutwa.

Vipimo vingine ambavyo shule hufanya nitavipitia kwa haraka. Meno: karatasi ya meno mara nyingi ni ya kweli, tundu linaonekana kwa macho. Uti wa mgongo, ule wa kumwambia mtoto ainame mbele mikono ikining'inia: wataalamu hawajakubaliana, na mwaka 2018 jopo la Marekani linaloshauri kuhusu huduma za kinga lilisema ushahidi hautoshi kuunga mkono wala kupinga kuwapima watoto wote. Ukiletewa karatasi hiyo nenda, bila hofu. Mapindo mengi ni madogo, hufuatiliwa tu. Chawa: si sababu ya kumrudisha mtoto nyumbani katikati ya siku, wala si dalili ya uchafu, hata kama shule nyingi bado zinaamini hivyo. Uzito na urefu: ni muhimu kwa sababu mtoto aliyesimama kukua hujulikana hapo, lakini vipimwe faragha. Nimeshuhudia mpimaji akitaja kilo za msichana wa miaka 12 kwa sauti, msaidizi akiandika upande wa pili wa chumba, darasa zima likisikia. Msichana yule hakuja tena siku yoyote iliyokuwa na vipimo. Una haki ya kuuliza mapema watapima nini, nani atayaona majibu, na kukataa kipimo usichokielewa.

Niliitaja ile kanuni ya matibabu kwa sababu huko ndiko shule nyingi zinakoanguka, na kuna kisa cha zamani kinachoonyesha hivyo. Mwishoni mwa karne ya 19 mji wa New York ulianza kuweka madaktari shuleni wawakague watoto. Walikagua kwelikweli: mwenye trakoma ya macho nje, mwenye chawa nje, mwenye mapunye nje. Kila aliyekutwa na kitu alipewa karatasi na kurudishwa nyumbani. Madarasa yakapungua watoto, na wale waliotengwa walicheza mitaani na wenzao jioni, ugonjwa ukiendelea kama kawaida, kwa sababu wazazi wengi hawakuielewa ile karatasi au hawakuwa na pa kwenda nayo. Mwaka 1902 ndipo alipopelekwa muuguzi mmoja, Lina Rogers, kwenye shule chache kwa majaribio. Hakuleta kipimo kipya. Alisafisha na kutibu palepale yaliyotibika, kisha jioni akapanda ngazi za nyumba, mlango kwa mlango, kumweleza mama anachotakiwa kufanya. Mji ukaajiri wauguzi wengine, na ndani ya mwaka mmoja watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani walipungua kwa karibu tisa ya kumi.

Kwa hiyo ukienda shuleni, usiende kugombana kuhusu nusu ya darasa. Uliza nani anafuatilia karatasi. Yuko mtu mwenye orodha ya waliopewa, anayejua nani ameshapimwa tena na nani hajaenda? Waliofeli walirudiwa kupimwa siku nyingine kabla ya kuandikiwa? Kuwarudia siku ya pili, kwa utulivu, huwaondoa wengi ambao hawakupaswa kuwemo, na ni jambo la asubuhi moja tu. Kama hawakufanya hivyo, waombe wafanye kwa waliobaki. Hilo litamridhisha na baba yao.

Kwa wiki hizi kabla ya miadi, omba binti yako akae mbele, na umwambie mwenyewe kwa nini, asije akadhani ameadhibiwa. Usimpime nyumbani kila siku kwa kumfunika jicho la kulia. Ataanza kuogopa, au atajifunza kuchungulia. Mara moja inatosha, kama mchezo, kwa kadi, na uangalie tu kama anakataa kufunikwa la kulia kuliko la kushoto. Akiusukuma mkono wako, umeona.

Chini ya karatasi yenu bila shaka kuna sehemu ya kujazwa na mtaalamu. Hakikisha ameijaza na kugonga muhuri kabla hamjatoka, maana watu wengi hukumbuka wakiwa njiani. Piga picha, kisha mpe nesi wa shule mkononi, au mwalimu wa darasa kama hakuna nesi. Usiiweke kwenye mkoba wa mtoto. Karatasi nilizozikuta chini ya mikoba ya watoto, zimekunjwa, muhula umeisha, zingejaza kabati.